Mtamba wa farasi hupandishwa akiwa na umri gani, na dume mchanga je?

Hatamu ameuliza:

Salaam, ndugu wafugaji. Naomba msaada katika jambo ambalo kila mwenye uzoefu niliyemwuliza amenitajia umri wake, lakini hakuna aliyenieleza sababu ya umri huo. Ninao mitamba wawili wa farasi na dume mmoja mchanga, wote wa aina nyepesi ambao wakikomaa hufikia uzito wa kilo 500 hivi. Mtamba wa kwanza ana miezi 22. Kimo chake kinakaribia cha mama yake, na tangu msimu uliopita amekuwa akiingia joto waziwazi: anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, na akipitishwa kando ya uzio wa madume husimama na kukataa kuondoka. Mtamba wa pili sina hati zake. Aliyeniuzia alisema ana miaka mitatu, lakini sijawahi kumwona akionyesha dalili yoyote ya joto. Dume ametimiza miaka miwili, na hatulii hata kidogo akinusa majike.

Je, joto la mtamba wa kwanza ni ushahidi wa kutosha kwamba mwili wake uko tayari kubeba mimba? Mifupa yake hupimwa kwa macho au kwa picha? Na dume wa miaka miwili anaweza kuanza kazi, angalau kwa majike wachache? Sina haraka, ila nisingependa jike akae bure misimu kadhaa kwa sababu ya hofu isiyo na msingi.

Zizini amejibu:

Ndugu Hatamu, mimi huwapandisha wakishatimiza miaka miwili ili wazae wakiwa na miaka mitatu kasoro, na sijaona sababu ya kuacha. Sharti langu ni kwamba mtamba awe amelishwa vizuri tangu alipoachishwa kunyonya, na kimo chake kiwe kimefikia cha mama yake au kukikaribia. Mtamba anayekaa misimu miwili bila mimba anakula kama jike kamili na harudishi chochote. Huyo wa miezi 22 msubiri kidogo atimize 24, kisha mpandishe. Wa pili mwonyeshe kwa daktari. Dume mwanzishie jike mmoja au wawili walio wapole.

Daktari Kwato amejibu:

Nafanya kazi ya udaktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni farasi wa kuzalisha. Naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu swali la ndugu Hatamu lina maswali mawili ndani yake, na wengi huyajibu kana kwamba ni moja.

Joto linatuambia kwamba ovari zimeanza kazi, na halituambii zaidi ya hapo. Mitamba hubalehe kati ya miezi 12 na 24, wengi wao wakiwa na miezi 15 hadi 18, na tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na mwezi waliozaliwa na lishe waliyopata. Uzazi wa farasi huamshwa na mchana mrefu. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mtamba aliyezaliwa mwanzoni mwa msimu anaweza kubalehe ndani ya msimu wa mwaka unaofuata, ilhali mwenzake aliyezaliwa msimu ukiwa unakwisha husubiri hadi siku zirefuke tena mwaka wa baadaye. Hao wawili wanaweza kuwa wa baba mmoja, na mifupa yao ikawa inakua kwa mwendo uleule. Ndiyo maana sikubali kwamba aliyetangulia kuingia joto ndiye aliyetangulia kukomaa. Isitoshe, mizunguko ya mwanzo haitabiriki. Jike mzima huwa na mzunguko wa siku 21 hivi, akiwa kwenye joto kwa siku 5 hadi 7, lakini mtamba anaweza kukaa kwenye joto muda mrefu bila yai kupevuka, au yai likapevuka bila yeye kuonyesha chochote. Wanaopandwa wakiwa na mwaka mmoja hushika mimba wengine, lakini hupoteza mimba changa mara nyingi zaidi kuliko majike waliokomaa.

Swali la pili ni la mwili, na hapa kimo ndicho kinachopotosha watu. Farasi wa mwaka mmoja tayari ana karibu asilimia 90 ya kimo atakachokuwa nacho, lakini uzito wake uko nyuma sana. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa lishe ya farasi wa mwaka 2007, linakadiria kwamba farasi atakayefikia kilo 500 huwa na kilo 320 hivi akiwa na miezi 12, karibu kilo 390 akiwa na miezi 18, na kilo 430 akiwa na miezi 24. Ndugu Zizini akimpima mtamba wake wa miaka miwili kwa fimbo ya kimo ataridhika, na mimi sitamlaumu. Akimpandisha kwenye mizani ataona kwamba bado kuna kilo 70 za mfupa na msuli ambazo hazijajengwa.

Kuhusu picha za mifupa, ndugu Hatamu, zinasaidia kwa kiasi. Kinachotazamwa ni gegedu za ukuaji karibu na ncha za mifupa, ambazo hugeuka kuwa mfupa mtupu ukuaji unapomalizika. Hazifungi kwa wakati mmoja. Iliyo chini ya mfupa mrefu wa shini, juu tu ya kifundo, hufunga kabla mnyama hajatimiza mwaka. Iliyo juu ya goti la mbele hufunga kati ya miaka miwili na miwili na nusu. Na za uti wa mgongo hubaki wazi hadi mwaka wa tano na kuendelea. Watu hupiga picha ya goti, wakaona limefunga, wakatangaza kwamba farasi amekomaa, wakati mgongo utakaobeba mimba ya miezi kumi na moja bado haujamaliza safari yake. Sisemi kwamba tusubiri hadi mgongo ufunge. Ninasema picha ya goti haijibu swali la uzazi.

Mimi naanza kuhesabu kutoka mwisho, yaani kutoka siku ambazo mzigo utakuwa mkubwa kuliko zote, na siku hizo ni za kunyonyesha. Mimba huchukua siku 340 hivi, na kwa miezi mingi ya mwanzo mtoto haongezi mzigo wa maana; sehemu kubwa ya ukuaji wake iko katika miezi mitatu ya mwisho. Baada ya kuzaa, jike wa kilo 500 huhitaji katika mwezi wa kwanza wa kunyonyesha karibu mara mbili ya nishati anayohitaji akiwa hana mimba wala maziwa, na protini zaidi ya mara mbili. Huo ni mzigo wa jike mzima. Mtamba aliyepandwa akiwa na miezi 24 anaufikia mzigo huo akiwa na miezi 35, kabla hajamaliza kujijenga mwenyewe, na mwili wake hutanguliza maziwa. Mtamba wa namna hiyo mara nyingi huzaa salama na kumlea mtoto wake vizuri, kisha hukonda, na msimu unaofuata hushindwa kushika mimba au huchelewa. Mfugaji aliyekuwa akikwepa msimu mmoja wa kukaa bure huupata palepale alipokuwa akiukimbia, ila sasa umehamia mwaka wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aina hii ni kumpandisha akiwa na miaka mitatu kamili, azae akiwa karibu na minne. Aina nzito za kukokota mizigo huendelea kuongeza uzito kwa muda mrefu zaidi, na kwao miaka minne haina ubaya wowote. Nasema mitatu kamili kwa hesabu ya miezi, kwa sababu hati zinaweza kutudanganya. Farasi wa mbio wa Thoroughbred walioko kaskazini mwa ikweta wote huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, na walioko Australia na New Zealand tarehe 1 Agosti, bila kujali siku waliyozaliwa. Mtamba aliyezaliwa mwishoni mwa Mei kaskazini huitwa wa miaka mitatu Januari akiwa na miezi 31 tu.

Neno la mwisho ni kuhusu unene. Kipimo kinachotumiwa zaidi ni kile cha Henneke cha mwaka 1983, chenye alama 1 hadi 9, na jike wa kupandishwa anafaa awe kwenye 5 au 6: mbavu hazionekani lakini ukizipapasa unazihisi. Mtamba aliyenoneshwa kwa nafaka ili aonekane mkubwa hajakomaa, amefunikwa tu, na ulishaji wa kumharakisha unaweza kuharibu maungio yake kabla hata hajapandwa.

Zizini amejibu:

Daktari, hesabu ya maziwa naikubali, na ni kweli kwamba mtamba wangu wa kwanza kuzaa huwa mgumu kushika mimba msimu wa pili, ingawa siku zote nimelihusisha jambo hilo na hali ya malisho. Lakini wafugaji wengi huogopa zaidi mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa, na mimi hilo nalikinga kwa kuchagua dume mwenye mwili mdogo. Je, dume mdogo hapunguzi hatari ya kumpandisha mapema?

Lijamu amejibu:

Naomba nimjibu ndugu Zizini hapo, kwa kuwa jambo hilo lilijaribiwa zamani. Walton na Hammond huko Uingereza walichapisha mwaka 1938 matokeo ya kuchanganya farasi wakubwa wa Shire na farasi wadogo wa Shetland kwa njia zote mbili, mama akiwa mkubwa na baba mdogo, kisha kinyume chake, wakitumia uhimilishaji. Watoto waliotoka kwa mama wa Shetland walizaliwa wadogo kama inavyomfaa mama huyo, ingawa baba yao alikuwa Shire. Mji wa mimba wa mama na kondo la nyuma ndivyo vinavyoweka mpaka, kwa kuwa farasi hulisha mimba kupitia kondo lililotandaa kwenye ukuta wote wa mji wa mimba, na ukuta ukiwa mdogo, chakula kinachopita nacho ni kidogo.

Tafsiri yake kwa mtamba ni kwamba dume mkubwa si tishio kama watu wanavyodhani, na dume mdogo si kinga. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza tayari huwa na kondo jepesi na mtoto mwepesi kuliko atakaowapata baadaye. Ukimpandisha kabla mji wa mimba haujakua, unaubana zaidi, na mtoto anayezaliwa akiwa amepungukiwa huanza maisha kwa deni ambalo dume mdogo hawezi kulilipa.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa, na kwangu lina uzito kuliko mizani. Farasi wa miaka miwili humjui bado. Hujui miguu yake itakuwaje atakapofanyishwa kazi, hujui tabia yake atakapowekewa tandiko, wala hujui kama anastahili kuzaa. Si kwa bahati kwamba nchini Ujerumani madume wa aina za michezo hukaguliwa ili wapewe kibali wakiwa na miaka miwili na nusu, kisha hupelekwa kwenye jaribio la uwezo wakiwa na mitatu. Wanasubiri mnyama aonyeshe kitu. Muda wa kusubiri utumike pia kupima vinasaba. Baadhi ya farasi wa Kiarabu hubeba kinasaba cha ugonjwa wa kukosa kinga ya mwili uitwao SCID, na farasi wa madoa wenye kinasaba kiitwacho frame, ambacho huleta mabaka meupe, wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani huzaliwa mweupe na utumbo usiofanya kazi, akafa ndani ya siku chache. Vipimo vya magonjwa hayo hufanywa kwa unywele uliong'olewa pamoja na mzizi wake.

Hatamu amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeamua kwamba mtamba wa kwanza atasubiri msimu ujao, na nitampima uzito kila mwezi badala ya kumtazama kimo. Kuhusu wa pili, nimemfungua kinywa. Meno mawili ya katikati, juu na chini, ni makubwa na ya rangi ya manjano kidogo, na yanakutana vizuri anapofumba. Yanayofuata pembeni ni madogo na meupe. Je, hiyo inalingana na miaka mitatu? Na kutoingia joto kunanitia shaka, maana kama ni mgumba ningependa kujua kabla ya kumlisha mwaka mwingine kwa matumaini.

Daktari Kwato amejibu:

Inalingana. Meno ya kudumu ya katikati huota akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, na ya pembeni akiwa na minne na nusu. Huyo wako amebadilisha ya katikati na yameshafikia kukutana, kwa hiyo ni miaka mitatu, zidisha au punguza miezi michache. Aliyekuuzia alisema kweli.

Kutoonekana kwa joto usikufanye ugumba haraka. Mitamba wengi huona haya na hawaonyeshi chochote mpaka wasogezwe karibu na dume mtu akiwa ameshika hatamu, na mtamba aliye peke yake malishoni anaweza kupitisha msimu mzima bila mtu kugundua. Kama uko mbali na ikweta na siku ni fupi, ovari zinaweza kuwa zimelala tu. Mwite daktari apige picha ya ovari kupitia njia ya haja kubwa, mara mbili, kwa kupishana wiki moja na nusu hivi. Akiona mayai yanayokua au kiwambo cha manjano kinachobaki baada ya yai kupevuka, jike anafanya kazi na tatizo ni la uangalizi. Akiona ovari ndogo, ngumu, zisizobadilika katikati ya msimu, aombe kipimo cha kromosomu. Farasi ana kromosomu 64, na wapo majike wachache wanaozaliwa na 63 kwa kukosa kromosomu X moja. Hao huwa wadogo kidogo kwa umbo, wenye afya nzuri, na hawazai kamwe. Mtamba wa namna hiyo anafaa kwa kazi ya tandiko bila shida yoyote. Daktari akiwa hapo hapo amwangalie pia sehemu za nje, kwa kuwa uke uliolala kuelekea ndani huruhusu uchafu na hewa kuingia kwenye njia ya uzazi, na aangalie kama kuna utando unaoziba njia, ambao huondolewa kwa urahisi kabla ya siku ya kupandishwa.

Nikuondolee na hofu ya upande wa pili. Kusubiri hadi miaka mitano au sita hakumpunguzii jike chochote. Tatizo hujitokeza kwa jike anayezaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na zaidi ya kumi, ambaye shingo ya mji wa mimba hukataa kulegea na maji hubaki ndani baada ya kupandwa.

Lijamu amejibu:

Dume bado hajapata jibu, na ndiye ningeanza naye. Mnyama wa miaka miwili anaweza kutungisha mimba, na wapo waliofanya hivyo kabla ya miezi 15, ndiyo maana madume hutenganishwa na majike kabla ya kutimiza mwaka. Kuweza kutungisha mimba si sawa na kuweza kubeba msimu. Korodani huendelea kukua kwa miaka kadhaa baada ya kubalehe, na mbegu anazotoa kwa siku hutegemea ukubwa wake. Katika ukaguzi wa madume, upana wa korodani zote mbili pamoja unatakiwa ufike angalau sentimita 8. Wakaguzi huchukua manii mara mbili kwa kupishana saa moja, na ya pili ndiyo inayoonyesha akiba yake halisi. Kama korodani moja haijashuka hadi leo, usimzalishe hata kama anatungisha mimba, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa, mhasi. Jua pia kwamba mbegu huchukua siku 57 hivi kutengenezwa, hivyo homa aliyopata mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye manii mwezi ujao.

Akifaulu, mpe majike wachache sana mwaka huu, au usimpe kabisa na umwanze akiwa na mitatu, jambo ambalo mimi ningelifanya. La kuepuka kabisa ni kumwanzishia mitamba hao. Dume asiyejua kazi na jike asiyejua kazi huumizana, na dume aliyepigwa teke la kwanza kwa nguvu anaweza kukataa kupanda kwa muda mrefu. Mtafutie jike mzee, mtulivu, aliye kwenye joto kamili.

Na huo uzio ambao mtamba husimama kando yake, ukiwa mmoja tu, weka wa pili mbele yake na uache nafasi ambayo shingo ya farasi haiwezi kuivuka. Wakipandana kabla hujaumaliza, usisubiri kuona tumbo. Daktari apige picha ndani ya wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa mimba isiyotakiwa huondolewa kwa sindano kwa urahisi kabla ya siku ya 35, na baada ya hapo kazi inakuwa ngumu zaidi.

Hatamu amejibu:

Uzio ni mmoja. Fundi anakuja kesho kuweka wa pili, na dume amehamishiwa banda la upande mwingine tangu leo asubuhi.